MALEBA SI PAMBO: DHIDI YA UHAKIKI UNAOSIKIA BILA KUONA

Utangulizi

Kuna kauli mbili ambazo zimerudiwa mno katika uhakiki wa fasihi simulizi hata zikazoeleka kama ukweli. Ya kwanza ni kwamba Afrika Mashariki, tofauti na Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi, haina sanaa ya wahusika wa kinyago, yaani watu wanaojivika sura nyingine, wakaingia barabarani na kusema yale ambayo kwa sura zao za kila siku wasingethubutu kuyasema. Ya pili, ambayo ni pacha wa hiyo ya kwanza, ni kwamba maleba ni kikolezo tu cha utendaji: fanani huyavaa ili apendeze, aivute hadhira, au atambulikane ni wa jamii ipi. Kauli hii ya pili imo katika vitabu vya shule, imo katika maswali ya mitihani, na kwa bahati mbaya imo pia katika tasnifu tunazozisimamia na kuzipitisha.

Makala haya yanakusudia kuzipinga kauli zote mbili. Dai letu ni kwamba maleba ni matini. Aghalabu husema jambo ambalo maneno ya wimbo hayalisemi, na mara nyingine husema kinyume cha maneno hayo. Mhakiki anayenakili maneno na kuyaacha mavazi huwa ameisoma nusu ya kazi, na nusu hiyo aliyoisoma yaweza kumpotosha.

Mifano yetu mikuu tumeitoa Kibera na Kawangware. Kila mwaka idara zetu huwatuma wanafunzi Kakamega, Siaya au Lamu "kuitafuta" fasihi simulizi, kana kwamba fasihi hiyo ni mmea usioota penye lami na mabati. Wanafunzi hao huipita mitaa hii miwili wakiwa ndani ya matatu, huku ngoma ikivuma dirishani. Tunawafunza kwamba mjini fasihi simulizi imekufa, kisha tunashangaa wanapoandika kwamba imekufa.

Haramia, mwalimu wa matambara na askari

Wanaodai kwamba hatuna sanaa hii hupenda kuitaja karnivali ya Trinidad kama mfano wa kile tunachokikosa. Basi na tuanzie huko. Miongoni mwa wahusika wa jadi wa karnivali hiyo ni yule aitwaye Midnight Robber, haramia wa usiku wa manane. Huvaa joho na kofia yenye ukingo mpana ajabu, humsimamisha mpita njia, kisha humwaga maneno mazito kuhusu nasaba yake, ukatili wake na wingi wa watu aliowaangamiza, mpaka anayesimamishwa atoe sarafu ndipo aachiwe. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kuelezwa utanzu huo ni upi. Hayo ni majigambo. Hata hivyo, hakuna mtafiti wa karnivali anayejaribu kuyachambua majigambo hayo bila ile kofia. Kofia ndiyo inayoyafanya maneno yawe ya haramia; pasipo hiyo, msemaji ni mtu mwenye wazimu tu.

Yuko pia Pierrot Grenade, mwanachuoni wa matambara. Nguo yake ni vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali vilivyoshonwa ovyo, naye hujigamba kwamba hakuna neno asiloweza kuliendeleza. Hulichukua neno refu, akalikatakata silabi, na kila silabi akaitungia kisa. Huyo ni sisi. Ni mwalimu anayechekwa na mtaa kwa sababu elimu yake imekuwa kelele, na matambara yake yanasema wazi kwamba elimu hiyo haikumvisha. Kadhalika yuko Dame Lorraine, aliyeundwa kuwakejeli mabibi wa mashamba ya Wafaransa: kifua kimejazwa, makalio yamejazwa, hatua ni za madaha. Kejeli hiyo haimo katika neno lolote alisemalo. Imo katika mito iliyotiwa ndani ya gauni.

Utawala wa kikoloni uliielewa nguvu hii mapema kuliko wahakiki. Mwaka 1881 polisi wa Port of Spain walijaribu kuyazima maandamano ya usiku ya mienge na ngoma yaliyojulikana kwa jina la Camboulay. Wananchi wakapigana nao. Mwaka 1884 sheria ikaletwa ya kuyabana maandamano hayo. Takriban karne moja baadaye, mwaka 1972, Errol Hill alichapisha kitabu chake kilichodai kwamba karnivali hiyohiyo ndiyo msingi unaofaa wa tamthilia ya taifa la Trinidad. Baina ya rungu la polisi na kitabu cha Hill kuna funzo: jambo lililoonekana fujo lilikuwa sanaa, na aliyechelewa kuliona hilo ni msomi.

Je, sisi hatuna? Tuseme kwanza yaliyo bayana. Wamakonde wana mapiko, vinyago vinavyovaliwa na kuchezwa, na Wamakonde wapo Kenya. Mwaka 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, wakapewa. Miongoni mwa Watiriki, Magharibi mwa Kenya, vijana wa jando hufunikwa nyuso. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumekubali kwamba kinyago ni lazima kifunike uso. Ushahidi mzito zaidi ni beni.

Beni ilizuka katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi Tanganyika na kwingineko. Wachezaji walijipanga vikosi, wakavaa sare, wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakapiga gwaride mitaani. Mombasa na Lamu palikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kwamba haikuwa uigaji wa kipumbavu wa mzungu, kama wengi walivyodhani. Ilikuwa njia ya wenyeji kushindana, kupanga heshima na kuyatafakari mamlaka mapya. Anayeyasoma maneno ya nyimbo za beni peke yake hukuta mashindano ya mtaa na mtaa. Anayeiangalia sare huona kitu kingine: raia asiye na cheo amevaa cheo, anatembea nacho hadharani, na mwenye cheo halisi hana la kufanya ila kutazama.

Somo la Luanshya

Mfano unaotufaa kuliko yote unatoka nje kidogo ya eneo letu, katika migodi ya shaba ya nchi ambayo sasa ni Zambia. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alichapisha utafiti wake kuhusu ngoma ya kalela iliyochezwa na vijana wa Kibisa mjini Luanshya. Nyimbo zao zilikuwa za kikabila waziwazi: ziliisifu nchi ya Wabisa na kuwatania watu wa makabila mengine. Lakini mavazi yao yalikuwa nini? Suruali safi, viatu vilivyong'arishwa, nywele zilizochanwa. Katika kundi alikuwamo "daktari" mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu, na "muuguzi" aliyepita na kioo na kitambaa ili wachezaji wabaki nadhifu. Hapakuwa na ngozi wala manyoya.

Hapa ndipo kauli ya kwamba maleba humtambulisha fanani na jamii yake inapovunjika. Kwa maneno, mcheza kalela alisema: mimi ni Mbisa. Kwa mavazi alisema: mimi ni mtu wa mji, na cheo ninachokitamani ni cha mji. Matini ya kalela ni kauli hizo mbili kwa pamoja, zikiwa zimegongana. Mkusanyaji aliyebeba daftari la kunakili maneno tu angerudi na ukabila mtupu, na angeapa kwamba ameusikia kwa masikio yake.

Kawangware: nani aliyefanya vazi kuwa kabila?

Tuingie sasa Kawangware, mtaa wenye wakazi wengi kutoka Magharibi mwa Kenya. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, husikika katika harusi, katika michango ya mazishi, katika mikutano ya siasa na siku za mechi. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa dharura. Miongoni mwa vikwazo vilivyotajwa ni ukosefu wa fedha na wa vifaa vya kutengenezea ala na mavazi. Yafaa kulitafakari jambo hilo. Shirika la kimataifa liliona kwamba kukosekana kwa vazi kunaihatarisha ngoma, ilhali vitabu vyetu vinasema kwamba vazi ni kikolezo. Mchuzi haufi kwa kukosa bizari.

Mtazame mchezaji wa isukuti wa mjini. Rinda lake la katani, au la nyuzi za gunia la nailoni lililofumuliwa, limevaliwa juu ya suruali ya jinzi. Njuga zake huenda ni vizibo vya soda vilivyotobolewa. Mpenda usafi wa mila ataona upungufu: nailoni si katani, soda si mila. Mwamuzi wa tamasha angependa jinzi ivuliwe. Lakini jinzi hiyo ni sehemu ya usemi. Kijana huyu anashinda mjengo Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili amelifunga rinda juu ya nguo ya kibarua, na nguo zote mbili zinaonekana. Anayemvua jinzi ili apate "Mwidakho halisi" amefuta nusu ya sentensi.

Nani basi alitufunza kwamba kila kabila lina vazi moja, safi, lisilochanganyika? Kwa sehemu kubwa ni majukwaa yetu wenyewe. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limehifadhi ngoma nyingi, na hatulibezi. Hata hivyo, limezipanga katika madaraja ya kijamii yanayohitaji kila ngoma iwe na sare yake, na sare hiyo ikishapata alama za juu huigwa na shule nyingine hadi inakuwa sheria. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, ilikuwa na kundi la wachezaji waliotoka katika jamii mbalimbali, wakacheza ngoma za wote na kubadili mavazi mara kadhaa katika onyesho moja. Hapo palikuwa na nafasi adhimu ya kuonyesha kwamba vazi la mwingine laweza kuvaliwa na kufikiriwa. Lakini mvaaji wa jukwaa la watalii hana ruhusa ya kutania, kukejeli wala kujibu. Amevaa, lakini amenyamazishwa. Hicho ndicho kinachomtofautisha na mwanabeni.

Suala hili halihusu urembo peke yake. Mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, Kawangware ilishuhudia mapigano yaliyofuata mipaka ya kikabila; watu waliuawa na vibanda vikateketezwa. Hatusemi kwamba somo la maleba liliwasha moto huo. Tunasema kwamba elimu inayomfunza mtoto kumtambua jirani kwa vazi la kabila, na kumwambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya vazi, ni elimu inayofunza upambanuzi huohuo ambao wenye mapanga huutumia. Uhakiki hauwezi kunawa mikono.

Majina yaliyovaa kinyago

Mjini kwenyewe umma umekuwa na hekima zaidi. Tuchukue klabu mbili za kandanda ambazo mashabiki wao wamejaa mitaa hii: AFC Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968. Serikali ilipoyapiga marufuku majina ya kikabila, karibu na mwaka 1980, Abaluhya Football Club ikawa AFC Leopards, na herufi zilezile tatu zikaelezwa upya kuwa ni kifupi cha All Footballers Confederation. Gor Mahia nayo kwa muda ikaitwa Gulf Olympic Rangers, nalo neno Gor likabaki salama ndani ya herufi za mwanzo. Haya ni majina yaliyovaa maleba. Kila mtu alimwona aliyekuwa nyuma ya kinyago, na dola ikalazimika kuitikia kinyago. Kuna mwanafunzi gani wa majazi na tashtiti asiyestahili kufunzwa kisa hiki?

Siku ya mechi baina ya klabu hizi mbili, uso wa shabiki hupakwa rangi, kichwani huwekwa pembe au manyoya, isukuti hupigwa upande mmoja na nyimbo za Kijaluo hujibu upande wa pili. Maneno yao mengine hayafai kuchapishwa katika jarida hili. Anayeyanakili hayo tu ataandika "chuki ya kikabila" na kufunga daftari. Lakini umma wenyewe umelipa pambano hilo jina la Mashemeji, kwa maana ya watu waliooleana na hivyo wana haki ya kutaniana. Utani ni taasisi kongwe katika nchi zetu: unaruhusu tusi kwa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kwamba mtukanaji aonekane kuwa anaigiza. Rangi ya usoni na pembe ya kichwani ndizo zinazolitangaza sharti hilo. Vua pembe, osha rangi, yaache maneno yaleyale, na utani umegeuka uchokozi.

Tawi mkononi

Kibera inatupa mfano mchungu zaidi. Mtaa huu ulianza kama makazi ya askari wa Kinubi na jamaa zao, waliotengewa ardhi na serikali ya kikoloni tangu mwanzoni mwa karne ya 20; ilibidi wajukuu wao wangoje hadi mwaka 2017 kupata hatimiliki ya ekari 288. Katika harusi zao za Makina au Lindi, wanawake huvaa gurbaba na kuicheza doluka. Jeshi lilelile la kikoloni lililowaleta babu zao lilimpa mwanabeni sare ya kuiigiza. Hata hivyo, tasnifu kuhusu doluka ni vigumu kuipata katika maktaba zetu, kwa kuwa wimbo wa Kinubi hauingii kwa urahisi katika jedwali la makabila tulilolirithi.

Kibera pia ilikuwa sehemu ya eneo bunge la Lang'ata, ambalo Raila Odinga aliliwakilisha kuanzia 1992 hadi 2013. Alifariki nchini India tarehe 15 Oktoba 2025. Kesho yake mwili wake ulipofikishwa Nairobi, maelfu ya watu walijaa barabarani kuanzia uwanja wa ndege hadi Kasarani, wengi wakiwa na matawi mikononi. Polisi walifyatua risasi uwanjani Kasarani, na waombolezaji wakauawa.

Anayeijua tero buru, desturi ya Wajaluo ya kukifukuza kifo kwa mbio, mikuki, pembe na majani wakati wa msiba wa mtu mkubwa, hakushangaa kuyaona matawi yale. Hatudai kwamba kila aliyelishika tawi alikuwa akitimiza mila, wala kwamba umati ule haukuwa na hatari. Tunadai kwamba tero buru ni igizo la vita: umati hushambulia, lakini adui ni mauti. Nani katika taifa hili alifunzwa kuisoma ishara hiyo? Polisi aliyekuwa Kasarani alipita katika shule zetu. Huenda alijibu swali la mtihani kuhusu umuhimu wa maleba, akaandika kwamba maleba huipendeza hadhira, akapewa alama. Port of Spain ya 1881 na Nairobi ya 2025 zinatofautiana kwa mengi, lakini katika zote mbili dola ilikutana na watu waliobeba lugha isiyoijua, ikaijibu kwa lugha iliyoijua.

Pingamizi mbili

Yamkini msomaji atasema kwamba shabiki na mwombolezaji si wahusika. Hawana jina la kudumu wala mtindo uliorithiwa kama alivyo Midnight Robber. Pingamizi hili lina uzito, nasi tunalikubali kwa kiasi. Wahusika wa Trinidad wana majina kwa sababu watu waliwatazama kwa vizazi na kuwapa majina, kisha watafiti wakayaandika. Wetu hawajatazamwa. Kutokuwapo kwa jina katika daftari la mtafiti si thibitisho la kutokuwapo kwa mhusika mtaani.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya kuigwa, na kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo ni nzuri, lakini katika sanaa ya kinyago haifui dafu. Mwanabeni aliiazima sare ya askari, mcheza kalela aliliazima joho la daktari, na wacheza karnivali wa Trinidad waliiazima sare ya mabaharia, wakawa kundi mojawapo mashuhuri. Nguo ya kinyago sharti iazimwe. Ingekuwa ya mvaaji mwenyewe, asingekuwa mhusika.

Hitimisho

Tunalotaka si kubwa. Tasnifu yoyote ya fasihi simulizi inayonukuu wimbo bila kueleza mwimbaji alivaa nini, vazi lilitengenezwa kwa nini, na liligongana vipi na maneno, irudishwe kwa mwandishi wake kama kazi isiyokamilika. Swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi ataje faida tano za maleba lifutwe. Mahali pake pawekwe picha ya fanani, naye aisome kama anavyosoma ubeti. Na kabla ya kuwatuma wanafunzi Kakamega, tuwape nauli ya kwenda Kawangware, ambayo ni ndogo zaidi.

Pierrot Grenade hulikata neno vipandevipande mbele ya umati huku matambara yake yakimsuta. Tusipojifunza kusoma nguo za wengine, tujiandae kusomwa kwa zetu.